Majivu ya Rubani

Jumapili, 3 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza kuandika. Daftari hili ni zawadi ya harusi, nami nimejiwekea ahadi kwamba nitaliandikia mambo matamu tu.

La kwanza: nimeolewa. Kila nikiamka nageuka kuhakikisha. Yupo, amelala chali, mikono kifuani, miwani yake imekunjwa juu ya stuli. Mume wangu ni fundi wa miwani. Kutwa anasaga vioo, na akirudi jioni nyusi zake zimejaa vumbi jeupe kama za babu. Nazipangusa kwa upindo wa gauni langu huku nikiwaza kwamba hivi ndivyo tutakavyozeeka, na kwamba sitamchoka.

La pili: anakumbuka kila neno nililowahi kumwambia. Leo nilikuwa namsimulia jirani jinsi tulivyokutana, nikasema ilikuwa siku ya mvua. Mume wangu akasema taratibu, "Haikuwa mvua, mke wangu. Yalikuwa manyunyu, na yalikuwa yameshakatika." Jirani akacheka. Mimi nilitaka kulia kwa furaha. Ni mwanamume gani mwingine anayetunza manyunyu?

Jumatano, 6 Machi

Kazini kwa dobi nimeunguza kola ya mteja kwa kuzama katika mawazo. Tajiri wangu anasema ndoa yangu itamfilisi.

Jumamosi, 9 Machi

Leo mume wangu amenipeleka kwenye kikao cha kundi lake. Wanakutana kila Jumamosi mchana katika chumba cha nyuma cha duka la madaftari na kalamu, viti vya plastiki vimezungushwa, mvua inapiga bati mpaka watu wanapaza sauti kama wanagombana, na kwa kweli wanagombana. Wote ni wapenzi wa Anga ya Kumi, zile filamu za watu walioihama dunia wakaenda kuishi ndani ya chombo kisichotua kamwe. Mimi nimeona mbili. Wao wameona zote, na vitabu vyake vya picha wamevisoma mpaka kurasa zimelegea.

Kazi yao ni kuhakikisha hadithi haijipingi. Kama filamu ya kwanza ilisema chombo kina milango tisa, halafu ya nne ikaonyesha wa kumi, wanakaa, wanabishana, kisha wanaamua kama mlango huo umo katika mkondo au haumo. Mkondo ndilo neno lao. Kilichomo ndani yake ni kweli, kisichomo ni porojo za watengeneza filamu.

Na anayeamua ni mume wangu. Wanamwita Kadhi. Ana kasha la miwani la chuma, na wakishabishana vya kutosha hugonga nalo meza mara mbili, neno likafungwa. Nilimtazama akigonga nikajiona mke wa waziri.

Kundi alilianzisha na rafiki yake wa tangu shuleni, mchora mabango wanayemwita Rangi. Ndiye aliyechora bango la harusi yetu, lile ambalo jina langu lilikuwa kubwa kuliko la bwana harusi. Kucha zake zina rangi za kila duka mjini.

"Shemeji," aliniambia, "huyu bwana ukimwambia leo unampenda, kesho mpende kiasi kilekile. Ukizidisha au ukipunguza utaitwa kikaoni."

Watu wakacheka. Rangi mwenyewe alicheka mpaka kikohozi kikamshika, akatoka nje kwenda kukimalizia.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Nilisema sipendi kitunguu kibichi. Mume wangu akanikumbusha kwamba wakati wa uchumba nilisema nakipenda. Mimi sikumbuki, lakini yeye anakumbuka, basi nimekila.

Jumamosi, 16 Machi

Filamu ya sita imetoka, na leo ndiyo walikuwa wanaijadili. Nitaandika yote kama yalivyokuwa, maana mume wangu amerudi nyumbani hana raha.

Katika filamu ya pili kuna Rubani, mtu wa masihara, kipenzi cha kila mtu. Injini inataka kulipuka, yeye anaingia ndani ya moto, anaizima, anaungua. Nahodha anazoa majivu kwenye kopo na kulia. Sasa katika filamu ya sita mlango unafunguka, na Rubani huyo anaingia na kovu shavuni, anauliza, "Mmeniwekea chakula?"

"Majivu yalikuwa ya nani?" mume wangu alianza.

"Ya koti lake," alijibu Rangi. "Tuliona majivu. Mwili nani aliuona?"

"Nahodha alilia."

"Mtu anaweza kulilia koti. Mimi ninalo moja, likiungua mtanizuia nisijitupe."

Kinyozi, yule mfupi anayekaa karibu na mlango, akasema, "Moto ulitokea kulia, kovu liko kushoto. Hao waandishi walikuwa wamelewa."

"Aligeuka. Wewe ukiona moto hugeuki?"

"Nyie wa Kovu mnadanganywa na kipodozi."

"Na nyie wa Majivu mnapenda misiba. Mkinusa wali wa msibani mnafika kabla ya marehemu."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Kisha mume wangu akagonga kasha lake mara mbili. Rubani amekufa, filamu ya sita haimo katika mkondo. Watu wakaanza kukunja viti.

Rangi akabaki amesimama. "Rubani hajafa," akasema.

Waliokuwa wanakunja viti wakavirudisha chini. Ndipo nikaelezwa kwamba kuna sheria. Anayepinga baada ya kasha kugongwa hufungiwa mlango, na hakuna mwanachama anayemsemesha wala kumtembelea mpaka atamke kwamba amekosea. Waliitunga wawili hao wakiwa kidato cha pili, na haijawahi kumkuta mtu, kwa sababu kila mtu hunyamaza.

"Rangi, kaa chini."

"Nimekaa sana. Gonga mpaka kasha lipinde, Kadhi. Hajafa."

"Unaijua sheria."

"Mimi ndiye niliyeipendekeza. Wewe ulikuwa huna hata ndevu."

Hakuna aliyecheka. Rangi akatoka, akauacha mwavuli wake umesimama kwenye kona. Nilitaka kumkimbilia nao. Mume wangu akanishika mkono kwa upole. "Atakuja kuuchukua akishatamka."

Nyumbani nilimwambia ni filamu tu. Akavua miwani, akayafinya macho. "Kama aliyekufa anaweza kurudi kwa sababu watu wamemkosa," alisema, "basi hakufanya kitu kule ndani ya injini." Sauti yake ilinipenya mpaka kwenye mifupa. Nimeolewa na mtu mwenye moyo mzito kama chuma, na chuma ndicho kinachoshikilia nyumba.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Tumekula viazi. Ninampenda.

Jumamosi, 30 Machi

Kinyozi amekuja nyumbani na viatu vyake mkononi, barabara imekuwa mto. Rangi amelazwa. Ni mapafu, madaktari wanasema miaka yote ile ya rangi ya kupuliza. Anapumua kwa mpira wa puani.

"Umekwenda kumwona?" mume wangu alimuuliza.

"Nitakwendaje, Kadhi? Amefungiwa. Nimemsikia muuguzi mmoja kinyozini."

Wakakaa, wanaume wawili wazima, kila mmoja akimsubiri mwenzake aseme twende. Chai ikapoa. Kinyozi akachukua viatu vyake akaondoka.

Ijumaa, 5 Aprili

Leo nimekwenda mimi. Mimi si mwanachama, sheria hainihusu. Mume wangu nilimwambia nakwenda sokoni.

Wodi ina vitanda pande zote mbili na harufu ya dawa ya sakafu. Rangi alikuwa kitanda cha dirishani, amevaa shati la kijani lenye doa la rangi nyeupe kwenye mkono, anamenya chungwa polepole kama kazi ya kulipwa. Amekwisha. Mashavu yameingia ndani, na macho ndiyo yamebaki makubwa.

"Shemeji," akasema, "huku wanatuamsha alfajiri kutuuliza kama tumelala vizuri."

Nilicheka, kisha nikaona haya kucheka. Akanipa kipande cha chungwa. Akaniuliza kama Kadhi hajambo, kama nyusi bado nyeupe, kama ule mguu wa kitanda chetu uliovunjika umetengenezwa. Hakuuliza kwa nini hajaja.

Nikamwomba. Nilisema, "Rangi, sema tu neno moja. Sema Rubani amekufa. Niambie mimi, nitampelekea, kesho yuko hapa."

Akayakusanya maganda ya chungwa mkononi. "Shemeji, niambie niseme bahari ni uji, nitasema. Niambie niseme mumeo ni mzuri wa sura, nitajikaza. Hilo moja siwezi. Si hapa nilipolala."

Ndipo mama yake alipoingia, mwanamke mwembamba, kichwani amefunga mfuko wa plastiki kujikinga na mvua. Nikamwamkia. Rangi akanikata kauli kabla sijasema mimi ni nani.

"Mama, huyu ndiye mke wa Kadhi. Umemkosa tena mwenyewe, ametoka sasa hivi."

"Tena? Na jana nimemkosa." Akanishika mikono yote miwili, mikono yake ya baridi. "Mwanangu, mumeo Mungu amlipe. Hajakosa hata siku moja. Mimi nikiwa njiani na mvua hii namwambia Mungu, angalau mwanangu hayuko peke yake, rafiki yake yupo."

Nilimtazama Rangi. Alikuwa anatazama chungwa.

"Ahsante, Mama," nikasema.

Alipokwenda kujaza chupa ya maji, Rangi alisema kwa sauti ndogo, "Hana mtoto mwingine. Hawezi kulala akijua nashinda hapa natazamana na ukuta. Ilinibidi nimtaje mtu, na mimi sina mwingine wa kumtaja." Akapumua kwanza. "Usimwambie Kadhi. Atakuja kusahihisha."

Jumamosi, 6 Aprili

Nimemwambia. Sikuweza kumficha, tangu nilipoolewa sijui kumficha kitu. Nilidhani atavaa viatu na kukimbia.

"Sikwenda," alisema. "Kwa nini aseme nilikwenda?"

"Ili mama yake asiumie."

"Siku moja nitaonana na yule mama. Atanishukuru. Nitasema nini?"

"Utasema karibu."

"Nitamwambia kweli. Siwezi kupokea shukrani za kitu ambacho hakikutokea." Akasimama dirishani akitazama maji yanavyoshuka mtaani. Nikangoja. Nilifikiri anakusanya nguvu za kwenda. Akageuka akasema, bila hasira yoyote, "Na wewe jana ulisema unakwenda sokoni."

Jumatano, 10 Aprili

Mvua. Nguo za dobi hazikauki, chumba chote kinanuka koti lililolowa.

Jumatano, 17 Aprili

Nimegundua nayapima maneno kabla ya kuyatoa. Jirani aliniuliza leo tulikutanaje, nikamwangalia mume wangu kwanza. Nikasema, "Yeye ndiye anayejua vizuri." Jirani akacheka kama siku ile. Mimi sikutaka kulia kwa furaha.

Lakini anapolala bado ninamtazama. Usoni hana hatia kabisa, kama mtoto wa shule aliyemaliza kazi zake zote.

Jumanne, 23 Aprili

Nimempitia kazini nikitoka kwa dobi. Alikuwa peke yake mashineni, maji yanachuruzika juu ya kioo, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamuuliza miwani hiyo ni ya nani. Akaendelea kusaga.

"Ya Rangi," alisema baadaye. "Yake imekwaruzika tangu mwaka juzi. Anachora kwa kukisia, hukuliona lile bango la harusi? Jina lako limekwenda upande." Akakiinua kioo kwenye mwanga. "Vipimo vyake navijua kwa kichwa."

Moyo wangu ulifunguka kama dirisha. Nikamwambia, "Basi twende. Tumpelekee sasa hivi, wodi bado inaruhusu wageni."

"Jumamosi. Nitawaomba wanachama tuiondoe ile sheria. Wakikubali, natoka pale kikaoni moja kwa moja mpaka kwake."

"Nenda leo, mpenzi."

"Nikienda leo nitakuwa nimeivunja. Jumamosi nitakuwa nimeibadilisha. Yeye mwenyewe ndivyo angetaka."

Aliyasema haya kwa utulivu mzuri, akiwa na nyusi zake nyeupe, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwona amependeza. Nikampangusa uso. Jumamosi si mbali, niliwaza.

Ijumaa, 26 Aprili

Rangi amekufa alfajiri ya leo. Kinyozi ndiye aliyepiga simu. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Nani aliuona mwili?"

Jumapili, 28 Aprili

Tumemzika jana kwenye matope. Leo tumekwenda kukaa na mama yake.

Njiani mume wangu alisema, "Akinishukuru nitamwambia. Kwa upole, lakini nitamwambia."

Nikasimama katikati ya barabara, maji yananipita kwenye vifundo. Nikamwambia kitu ambacho sikudhani nitamwambia mume wangu kabla mwaka haujaisha. Nilimwambia, "Ukimsahihisha yule mama leo, mimi narudi kwetu." Alinitazama kama mtu aliyesikia mlango ukifungwa chumba kingine. Tukaendelea kutembea.

Walitandaza turubai mbele ya nyumba na lilikuwa limebeba maji tumboni. Wanachama walikuwa wamekaa pamoja kwenye benchi moja, Majivu na Kovu bega kwa bega. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amekwenda hospitali. Wote waliitii sheria.

Yule mama alipomwona mume wangu aliinuka, wanawake wakamshika kiwiko. Akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mtazameni huyu. Ndugu wa damu walikuja mara moja, wakaacha juisi wakaenda. Huyu hakukosa hata siku moja. Mvua ile yote. Mwanangu hakufa peke yake, alikuwa na huyu."

Benchi zima likainamisha vichwa. Kinyozi alikuwa anatazama viatu vyake. Mume wangu akavua miwani, akavuta pumzi, na mimi pumzi ile naijua. Ndiyo anayovuta kabla ya kusema haikuwa mvua, yalikuwa manyunyu.

"Mama," akasema.

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa lile kasha la chuma. Nilifikiri atagonga. Wanachama nao walifikiri hivyo, niliona mabega yao. Akalifungua. Ndani kulikuwa na miwani mpya.

"Aliniagiza hii," alisema. "Siku ile ya mwisho nilipokuja. Nikachelewa kuimaliza."

Mama akaivaa palepale juu ya machozi, akatazama huku na huku. "Sioni kitu," akasema.

"Ni ya macho yake, Mama."

Akacheka kidogo, kisha akamshika mume wangu mkono wa shati. "Aliniambia kuna siku mlicheka mpaka muuguzi akataka kuwafukuza. Nilimuuliza mlikuwa mnacheka nini, akasema ataniambia kesho. Mlikuwa mnacheka nini, mwanangu?"

Nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye turubai.

"Nitakusimulia, Mama," alisema mume wangu. "Si leo."

"Njoo Jumapili basi."

"Nitakuja."

Jumamosi, 4 Mei

Hakwenda kikaoni. Kasha limebaki kwa yule mama. Mwavuli bado umesimama kwenye ile kona, amesema Kinyozi, na hakuna anayeugusa.

Jumapili, 5 Mei

Tumekwenda. Alisimulia vibaya sana. Alisema muuguzi alikuwa mwanamke mrefu, na baadaye akasema alikuja mwanamume mfupi akawanyamazisha. Mama akainua kichwa. "Si ulisema mwanamke?" Mume wangu, aliyewakamata watu miaka yote kwa milango tisa na kumi, alitokwa na jasho mpaka miwani ikamteleza. Nikamsaidia. Nikasema walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume. Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akataka kujua Rangi alikuwa amevaa nini siku hiyo, alikula nini, alisema nini kuhusu yeye.

"Jumapili ijayo, Mama," alisema mume wangu. "Leo umechoka."

Nje hakuniangalia. "Atataka kila wiki," akasema.

"Ndiyo."

"Na haitakiwi ijipinge."

Jumamosi, 11 Mei

Mvua imekatika. Watu wameanika magodoro nje mtaa mzima.

Baada ya chakula cha mchana mume wangu aliweka viti viwili mezani, akakaa kimoja, akaniomba nikae kingine. Nyusi zake leo hazina vumbi, lakini zimepata mvi mbili tatu. Sijui zimeingia lini.

"Ile siku ulipokwenda," alisema. "Alikuwa amevaa nini?"

Nilikuwa nimeitunza saa ile moja. Zaidi ya yale ya mama yake sikumsimulia mtu, hata humu niliiandika kwa ubahili, nikahifadhi kidogo pembeni. Ilikuwa yangu mimi na Rangi. Nikamtazama mume wangu, mikono imelala mezani, hana cha kugongea. Nikampa. Nikampa shati la kijani lenye doa jeupe mkononi. Nikampa chungwa na jinsi alivyolimenya. Nikampa ule utani wa kuamshwa alfajiri kuulizwa kama umelala, na kwamba ndicho tulichokuwa tunacheka. Kila nilichompa alikirudia taratibu mara mbili, ili kikae.

Nilipomaliza alivua miwani, akaipangusa. "Na mimi nilikuwa nimekaa wapi?" akauliza.

"Ukingoni mwa kitanda," nikasema. "Upande wa dirisha. Mimi nilikuwa nimesimama."

"Sawa." Akavaa miwani yake. "Anza tena, mke wangu. Anzia pale nilipoingia mlangoni."